Shibe Mwana Malevya: Kwa Nini Akili Hulemaa Baada ya Mlo wa Mchana Chewele

Saa nane mchana mji wa Bura hushusha sauti. Waendeshaji wa bodaboda wamejilaza juu ya pikipiki zao chini ya mwarobaini, kofia wamezivuta hadi machoni. Dukani mteja hugonga kaunta kwa sarafu mara mbili tatu kabla muuzaji hajainua kichwa. Kando ya mifereji ya skimu ya umwagiliaji majembe yamelazwa. Darasani, mwalimu wa kipindi cha kwanza baada ya chakula huuliza swali ambalo asubuhi lingejibiwa na nusu ya darasa, naye hulipwa kwa macho mazito. Mwanafunzi aliyetajwa jina husimama, huutazama ubao, na jibu alilokuwa nalo saa tatu asubuhi hulitafuta asilione.

Hali hii si usingizi mtupu. Mtu yuko macho, lakini husoma mstari mmoja mara tatu, hukosea chenji, huhesabu magunia na kuanza upya. Wengine husema kichwa kimekuwa kizito, wengine akili imelala, wengine shibe imepanda. Kila mmoja ana sababu yake. Wapo wanaosema damu yote imeshuka tumboni. Wapo wanaoulaumu wali, wengine mafuta, wengine joto. Na wapo, hasa wenye wafanyakazi chini yao, wanaosema ni uvivu.

Sababu hizi zimepimwa na watafiti kwa miaka mingi. Baadhi zimeanguka, baadhi zimesimama, na uvivu haumo. Kwa Chewele, wadi iliyo katika eneobunge la Bura, kaunti ya Tana River, jibu liko kwenye saa ya mwili, kwenye joto, na zaidi ya yote kwenye sahani. Na sahani ya Chewele haikujipanga yenyewe.

Damu haijaukimbia ubongo

Tuanze na maelezo yanayopendwa kuliko yote. Ni kweli kwamba baada ya mlo damu nyingi huelekea tumboni. Mtiririko wake kwenye utumbo unaweza kukaribia maradufu. Lakini moyo huongeza kazi ili kufidia, na ubongo hauachi fungu lake kirahisi. Kiungo hiki, ambacho ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mtu aliyepumzika, na mishipa yake hujipanua na kujibana ili damu isipungue. Anayekimbia mbio ndefu hupeleka damu nyingi mno kwenye misuli ya miguu, na hakuna aliyewahi kumwona akisinzia njiani.

Hata hivyo maelezo haya yana ukweli kwa kundi moja, nalo ni la wazee. Kwa mtu wa umri mkubwa, hasa mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa Parkinson, moyo na mishipa huweza kushindwa kufidia. Madaktari huhesabu kuwa pana tatizo iwapo kipimo cha juu cha shinikizo kimeshuka kwa milimita 20 za zebaki au zaidi ndani ya saa mbili baada ya kula. Mzee huyo hupata kizunguzungu, macho huingia giza, na anaweza kuanguka anapoinuka mkekani. Nyumbani husemwa ni uzee. Kumbe kumpima shinikizo kabla ya kula, kisha kumpima tena saa moja baadaye, kungetosha kuonyesha kwamba mlo ndio uliomwangusha, na kwamba milo midogo midogo ingemsaidia.

Kwa kijana wa bodaboda na mwanafunzi wa darasa la saba, tutafute kwingine.

Saa iliyo ndani ya mwili

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale neva za macho zinapopishana, lipo fungu dogo la chembe linaloongoza saa ya mwili. Saa hiyo ndiyo inayopandisha na kushusha joto la mwili, homoni na uchangamfu kwa mzunguko wa takriban saa 24. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kufumbua jinsi chembe zinavyoihesabu siku.

Saa hii ina mabonde mawili. Bonde kubwa ni la usiku wa manane hadi karibu na alfajiri. Bonde dogo ni la mchana, kati ya saa saba na saa kumi. Timothy Monk wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, aliyelichunguza bonde la mchana kwa miaka mingi, alieleza katika mapitio yake ya mwaka 2005 kwamba linajitokeza hata kwa mtu ambaye hakula chochote na hajui ni saa ngapi. Chakula cha mchana, kwa hiyo, hakilichimbi bonde hilo. Kinamkuta mtu tayari ameanza kuteremka, kisha kinamsukuma.

Kwa mkulima wa ukanda wa Tana mteremko huo una urefu wa ziada. Chewele iko karibu sana na mstari wa ikweta, jua huchomoza kwa saa ile ile karibu mwaka mzima, na anayetaka kupalilia kabla halijachoma huamka saa kumi na moja alfajiri. Ikifika saa nane mchana amekuwa macho kwa saa tisa. Katika muda wote huo ubongo unapofanya kazi, adenosini hujikusanya ndani yake, na kadiri inavyozidi ndivyo hamu ya kulala inavyopanda. Chai huondoa usingizi kwa sababu kafeini huziba pale adenosini inapojishika. Haiondoi adenosini yenyewe. Inaizuia kwa muda, na kikombe cha jioni hulipwa kwa kukesha, kisha kesho yake mchana kichwa huwa kizito zaidi.

Sinia la wali

Katika hoteli za Bura na Madogo, mlo wa mchana unaopendwa ni sinia la wali na nyama ya mbuzi au ya ngamia, ndizi mbivu kando, na chai ya maziwa iliyokolea sukari. Majumbani ni sima kubwa na kitoweo kidogo: maziwa, mchuzi mwepesi, pengine kambale wa mtoni. Msimu wa maembe ukifika, na Tana River ni nchi ya maembe, mawili matatu hufuata juu ya sima.

Mlo wa namna hii ni wa kale katika pwani hii. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, juu yake nyama, kuku, samaki na mboga, pamoja na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu na pilipili. Alishangaa kuona jinsi wenyeji walivyokula: mmoja wao, aliandika, alimaliza chakula cha kundi zima la watu wa kwao. Tuseme hivi: sinia alilolieleza lilikuwa na wali mwingi, lakini wali haukuwa peke yake.

Hapo ndipo sayansi inapokuwa tamu. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti, kila moja likifanya kazi kivyake, yaligundua homoni ya ubongo iitwayo oreksini. Chembe zinazoitoa ndizo zinazomshikilia mtu macho. Wanaozipoteza hupata ugonjwa wa kusinzia ghafla mchana. Mwaka 2006 Denis Burdakov na wenzake wa Manchester, Uingereza, walionyesha katika ubongo wa panya kwamba glukosi ikipanda, hata kwa kiasi kile kile cha baada ya mlo wa kawaida, chembe hizo hunyamaza. Mwaka 2011 kundi la Burdakov lilipata upande wa pili wa jambo: asidi za amino, yaani vipande vya protini, huziamsha chembe hizo, na hupunguza nguvu ya glukosi ya kuzinyamazisha.

Wali mweupe na sima ya unga uliokobolewa hugeuka glukosi upesi, kwa kuwa nyuzinyuzi zimeondolewa na wanga umebaki uchi. Chuo Kikuu cha Sydney kililipima jambo hili kwa wali wenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, vijana 12 walipewa wali saa nne kabla ya kulala, siku moja wa aina inayoyeyuka polepole, siku nyingine wa aina ya jasmini inayopandisha sukari haraka. Walipokula ule wa polepole walichukua wastani wa dakika 17.5 kupata usingizi. Walipokula wa haraka walichukua dakika 9. Waliofanya jaribio walitaka kuwasaidia watu wanaokosa usingizi usiku. Kwa mwenye kipindi cha Hisabati saa nane mchana, habari hiyo hiyo ni onyo.

Asidhani mtu kwamba nyama nyingi ndiyo dawa. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Scripps huko Florida, Marekani, walichapisha uchunguzi wao wa nzi wa matunda, wakaona kwamba nzi waliokula zaidi walilala zaidi, na kwamba protini na chumvi, pamoja na wingi wa chakula, ndivyo vilivyowalaza. Mafuta nayo yana mchango wake: yakifika kwenye utumbo mwembamba hutoa homoni ya kolesistokinini, ambayo hutangaza shibe na huandamana na uzito wa macho. Na majaribio ya Uingereza ya miaka ya 1980 na 1990 yaliyopima umakini wa watu baada ya chakula cha mchana yalionyesha kwamba makosa huzidi mtu anapokula mlo mkubwa kuliko aliouzoea. Kwa ufupi, wanga ulio peke yake hulaza, na wingi wa chochote hulaza. Mlo wa sima kubwa na kitoweo cha kulambia una yote mawili.

Njaa ya asubuhi, shibe ya mchana

Wahenga walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Wengi huisoma methali hii kana kwamba inazungumza juu ya watu wawili, tajiri aliyevimbiwa na maskini aliyelegea. Chewele mtu mmoja hupitia yote mawili kwa siku moja.

Asubuhi anatoka na kikombe cha chai ya rangi, au hata bila hicho. Mchana anakula mlo ambao ni wa kwanza na pengine wa pekee hadi usiku, naye anaula kwa wingi kwa sababu mwili unadai deni. Mwaka 2015 Daniela Jakubowicz na wenzake nchini Israeli walipima jambo hili kwa wagonjwa 22 wa kisukari cha aina ya pili. Siku walizokosa kifungua kinywa, sukari yao baada ya chakula cha mchana ilipanda kwa zaidi ya theluthi kuliko siku walizokula asubuhi, ingawa mlo wa mchana ulikuwa ule ule. Mwili uliofunga tangu jana huwa umepoa. Kongosho huchelewa kutoa insulini, na glukosi hupata nafasi ya kupaa. Kwa baadhi ya watu insulini ikishafika hufika kwa wingi, sukari ikashuka chini ya pale ilipoanzia, na mtu akahisi mtetemo, jasho, na kichwa kisichoshika jambo.

Ndiyo maana mwezi wa Ramadhani, katika kaunti yenye Waislamu wengi kama hii, vita vikubwa na usingizi hupiganwa kwenye swala ya tarawehe. Siku nzima tumbo lilikuwa tupu, kisha magharibi zimeingia tende, uji, viazi vya nazi, sambusa, kaimati na juisi. Mila ya kufungua kwa tende chache na maji, kuswali, kisha kurudi kwenye futari inaupa mwili muda wa kujiandaa. Nayo nasaha wanayoijua waumini, ya kuligawa tumbo mafungu matatu na fungu moja tu kuwa la chakula, inaafikiana na majaribio ya wingi wa chakula yaliyotajwa hapo juu.

Lakini nasaha ya kula kidogo asubuhi na kidogo mchana inataka kuwe na cha kula mara mbili. Kati ya mwaka 2020 na 2023 kaunti za kame za Kenya, Tana River ikiwemo, zilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Baadaye yakaja mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 na ya Aprili na Mei 2024. Ambaye mifugo yake ilikufa kwa ukame, au shamba lake likazama, hapangi idadi ya milo, anaipokea.

Nani aliyeipanga sahani hii?

Zamani mto wenyewe ndio uliokuwa mpishi. Mafuriko ya Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, yalikuwa yakipanda na kushuka kwa msimu. Yalipojitoa, Wapokomo walipanda mpunga, mahindi na kunde kwenye tope lililobaki, ndizi na miembe ikasimama kingoni, na samaki wakavuliwa kwenye madimbwi na mikono ya mto. Waorma na Wawardei waliteremsha mifugo kwenye malisho ya bonde wakati wa kiangazi, na maziwa yakabadilishwa kwa nafaka. Palikuwa na ugomvi, palikuwa na njaa pia. Lakini wanga, kunde, samaki na maziwa vilikuwa karibu.

Kisha mto ukafungwa huko juu. Mabwawa ya umeme yalifuatana: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Umeme ulienda mijini, na yale mafuriko ya wastani yaliyokuwa yakilisha mashamba ya bonde yakapungua.

Mahali pake pakaja skimu. Ile ya Hola ilianza mwaka 1953 kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo pale walipokataa kufanya kazi humo. Ile ya Bura ilipata fedha za Benki ya Dunia mwaka 1977, na familia kutoka pande nyingi za Kenya zikahamishiwa kwenye vijiji vyake miaka ya 1980. Zote mbili zilitegemea zao moja kuu, pamba, na pamba hailiwi. Mwaka 1989 mto ulihama njia yake huko Hola na pampu zikabaki pakavu. Bura nayo, iliyotegemea pampu za dizeli kuuvuta mto, ilidorora. Huko chini, karibu na Garsen, mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya serikali ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, ulibomolewa kingo na mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Skimu zilipofufuliwa miaka ya 2000, serikali ilikuwa na hofu ya njaa, na jibu likawa mahindi. Hakuna wa kulaumiwa kwa kutaka unga. Ila matokeo yake yanaonekana mezani: unga upo, na vinavyoufanya unga usilaze watu, yaani kunde, samaki, mboga na maziwa, vimekuwa vya kununua.

Joto nalo lina sehemu yake

Takwimu za kaunti ya Tana River huonyesha wastani wa nyuzi joto 30, na kati ya Januari na Machi joto huweza kufika 41. Kusaga chakula nako huzalisha joto. Karibu asilimia 10 ya nishati ya mlo mchanganyiko huishia katika kazi hiyo. Mwili unaotaka kupoa hufungua mishipa ya ngozi, huku utumbo nao ukidai damu yake, na shinikizo hushuka kidogo hata kwa aliye mzima. Ongeza jasho. Mtu akipoteza maji kiasi cha asilimia 2 ya uzito wake, umakini na kumbukumbu ya muda mfupi huanza kuyumba, naye huenda asihisi kiu ya kutisha. Wengi huketi kula wakiwa tayari wamekauka, na kinywaji kinachofuata ni chai yenye sukari. Bilauri mbili za maji kabla ya mlo ni dawa ya bei ya chini kuliko zote, pale maji safi yanapopatikana.

Barabarani na darasani

Uzito huu wa mchana una gharama. Mwaka 1995 Jim Horne na Louise Reyner wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walichapisha uchunguzi wa ajali zilizosababishwa na usingizi. Ajali hizo zilirundikana saa nane usiku, saa kumi na mbili asubuhi, na tena saa kumi jioni. Madereva wa barabara ya Garissa kwenda Hola na Garsen wanaijua hatari hiyo: njia imenyooka, joto limejaa ndani ya gari, na sinia la wali limeachwa nyuma muda si mrefu. Wengi hutegemea miraa. Horne alipendekeza njia nyingine baada ya majaribio yake: kunywa kahawa, kuegesha gari na kulala dakika kumi na tano. Kafeini huchukua karibu nusu saa kufanya kazi sawasawa, kwa hiyo dereva huamka akiwa amepata vyote viwili. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakukusaidia ila kwa muda mfupi.

Usingizi huo mfupi si mgeni pwani. Miji ya Waswahili kama Lamu imekuwa ikifunga milango ya maduka adhuhuri, na Waislamu wana kailula yao. Kanuni ni kutopita dakika 20. Anayelala saa nzima huingia katika usingizi mzito, na huamka akiwa na kichwa kibovu kuliko alipolala.

Shuleni mambo yanataka busara zaidi. Mpango wa serikali wa chakula cha shule unaotumia mazao ya nchini ulianza mwaka 2009 katika maeneo kame, na mwaka 2018 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikamilisha kuikabidhi Kenya shughuli hiyo. Sahani ya shule, nafaka pamoja na maharagwe au dengu, mara nyingi ina mpangilio bora kuliko ya nyumbani, na mtoto asiyekula hajifunzi kitu. Kinachoweza kubadilishwa ni ratiba. Shule nyingi huweka Hisabati asubuhi. Kipindi cha kwanza cha mchana nacho kingepewa michezo, kilimo, muziki au kazi ya mikono, mtoto akasimama badala ya kuketi akipambana na macho yake.

Shibe inapoficha ugonjwa

Kuna ukungu wa akili usioisha saa kumi jioni. Anayesinzia kila baada ya mlo kwa miezi, akiwa na kiu kisichokatika, akikojoa mara kwa mara, akipungua uzito au akiona kiwi, apimwe sukari. Uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu Wakenya tisa kati ya kumi walikuwa hawajawahi kupimwa sukari ya damu maishani mwao.

Upungufu wa damu nao huvaa nguo za uvivu. Bonde la Tana lina malaria, na lina kichocho cha mkojo, ambacho huenezwa na konokono wa maji yaliyotulia. Mifereji na madimbwi ni makazi yao. Mtoto anayekojoa damu hupoteza madini ya chuma kidogo kidogo, na hewa ya oksijeni inayofika ubongoni hupungua. Huyo atachoka asubuhi na mchana. Dawa ya prazikwanteli ipo, na kuosha nyuso mferejini si jambo la kuchekewa. Hata chai ina neno hapa: ikinywewa pamoja na chakula huzuia sehemu ya chuma kilicho kwenye maharagwe na mboga kisifyonzwe. Ikisubiri saa moja, chuma kitakuwa kimepita.

Kinachoweza kufanywa kesho

Mambo manne yamethibitishwa na hayahitaji mfuko mzito. La kwanza ni mpangilio wa kula. Mwaka 2015 watafiti wa Weill Cornell, New York, waliwapa wagonjwa 11 wa kisukari mlo ule ule kwa mipangilio miwili. Walipoanza na mboga na nyama, kisha wanga mwishoni, sukari ilipanda kidogo sana kuliko walipoanza na wanga. Anayekula sima anaweza kuanza na mboga na maharagwe, sima ikafuata.

La pili ni kutembea. Watafiti wa Otago, New Zealand, walionyesha mwaka 2016 kwamba dakika kumi za kutembea baada ya kila mlo hushusha sukari vizuri zaidi kuliko dakika 30 za mkupuo mmoja wakati mwingine wa siku. Misuli inayotembea hunyonya glukosi bila kungoja insulini nyingi.

La tatu ni kugawa. Sehemu ya mlo wa mchana ikisogezwa asubuhi, hata kama ni viazi vitamu vya jana au uji wa mtama na maziwa, mchana hupungua uzito. Chakula ni kile kile, saa ndizo zimebadilika.

La nne ni mboga zilizo mlangoni. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kuwathibitishia Wakenya kwamba majani ya kunde, mchicha na mnavu, yaliyodharauliwa kuwa chakula cha maskini, yana chuma, protini na nyuzinyuzi kwa wingi. Kunde huvumilia ukame, huurutubisha udongo, na majani yake huchumwa wiki chache baada ya kupandwa.

Hapo ndipo suala hili linapotoka mikononi mwa mlaji mmoja. Maafisa wa skimu huhesabu ekari na magunia, na wanasiasa huzisoma hesabu hizo jukwaani. Magunia ni kipimo cha haki, lakini hakitoshi. Skimu inayonyweshwa kwa maji ya Tana inaweza kutengewa safu za kunde na mboga kando ya mahindi, mabwawa ya samaki karibu na mifereji, na soko la maziwa ya wafugaji walio jirani. Ikifanya hivyo itakuwa imelisha pia kipindi cha saa nane mchana. Isipofanya hivyo, tutaendelea kuwaita watu wavivu kwa kuwa wamekula kile tulichowapandia.